Paka Niliyemwonea Wivu

Vijana wa ofisi ya mifugo mmeniomba niandike kabla sijasahau. Kusahau bado sijaanza, ila nimestaafu, na mtu akistaafu watu humpa kazi ya kukumbuka. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na mgonjwa mmoja wa miaka ya wakimbizi ambaye nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwanadamu yeyote. Alikuwa paka dume, mwenye kisukari.

Kwetu ni Simbo. Nilimaliza darasa la saba, nikaenda chuo cha mifugo kwa kozi fupi, nikaletwa Ujiji. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kufunga nilivyoazima kwa binamu yangu, nikapelekwa moja kwa moja joshoni. Mbuzi wa kwanza niliyemshika alinivuta nikaingia kwenye dawa ya kupe hadi magotini. Viatu havikurudi kwa binamu. Harufu ile ya dawa nayo haikunitoka tena mwilini mpaka nimestaafu; nitakuja kuieleza, maana ilinigharimu.

Wakati ule mfanyakazi yeyote wa mifugo aliitwa bwana mifugo, awe nani. Nami nikaitwa hivyo. Mzee mmoja wa Ujiji alimwita mkewe kwa sauti siku niliyopita kuchanja kuku: "Toka nje uone, bwana mifugo kaja amevaa khanga!" Mke akatoka, akanitazama, akasema, "Afadhali. Wale wengine wanakunywa chai yetu kisha wanasema dawa imeisha."

Aliyenifundisha kazi ni Dakta Mlela, mganga wa mifugo wa wilaya. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyechemsha sindano kwenye sufuria ileile tuliyochemshia mayai ya mchana. Hakuna aliyeugua, lakini msiige. Alikuwa na sheria moja: mguse mnyama kwanza, halafu msikilize mwenye mnyama mpaka amalize, hata kama anaanza na habari za shemeji yake. "Ugonjwa huwa katikati ya maneno," alikuwa akisema. "Ukimkatiza unaukosa."

Niliolewa Ujiji na Hamisi, fundi wa nyavu. Kutwa alikuwa ufukweni ameketi juu ya lundo la nyavu, sindano ya mti mkononi, akiziba matundu waliyotoboa samaki na mawe. Hakuwa msemaji. Watu wa kwao walisema alizaliwa hivyo, mkunga alilazimika kumpiga mara nyingi kabla hajalia. Tulipata mtoto mmoja, Asha. Homa ilimchukua akiwa bado hajajua kufunga kifungo cha gauni lake.

Hamisi alimzika kwa mikono yake, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sikumsikia akilitaja jina lile. Mtaa uliendelea kutuita Baba Asha na Mama Asha, naye aliitika, lakini kulitamka mwenyewe, hapana. Nikimtaja mtoto alinyanyuka akaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Nami nikanyamaza. Nilijiambia maneno yapo ndani yake, siku yakitoka yatatoka kwangu, maana nani mwingine? Nilisubiri hivyo miaka. Nawaambia haya ya nyumbani kwa sababu bila hayo habari ya paka haina maana.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka Burundi. Walikuja kwa barabara ya Kasulu, wakipita Kidahwe na magodoro vichwani, na walikuja kwa ziwa, mitumbwi imejaa mpaka maji yanaramba ukingo. Wengi walipelekwa makambini. Waliokuwa na ndugu Ujiji walijibanza kwa ndugu, na ndugu walikuwa wengi, kwa sababu Ujiji na mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura wameoana tangu zamani. Ofisini kwetu waliletwa mbuzi waliovimba miguu, kuku waliosafiri vikapuni, na mbwa waliokuja wenyewe wakifuata harufu ya mabwana zao. Dakta Mlela alituambia mwenye kuku mmoja naye ni mfugaji, apewe kiti.

Bi Zaituni alikuja asubuhi moja, mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunga kitenge kimoja na kujitanda kingine. Alimbeba paka kwenye kikapu cha samaki.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mama. Umetuletea nani?"

"Kayabu." Kwa Kirundi hilo ni paka tu, hakuhangaika kumtafutia jina. "Anakunywa maji kama ng'ombe, anakula kama askari, na anakonda. Buyenzi alikuwa mnene, watu walidhani ana mimba, na ni dume."

"Anakojoa wapi?"

"Barazani kwa shangazi, Kasingirima, ninakoishi. Shangazi amenuna. Na akikojoa tu, sisimizi wanajaa palepale kama wameitwa."

Dakta alinitazama kuona kama nimesikia. Kisha akamtoa paka, akamshika mgongo, mifupa ikahesabika, akamwacha atembee sakafuni. Paka mzima hutembea kwa ncha za vidole. Huyu miguu yake ya nyuma ilikuwa imelala, anakanyaga mpaka kisigino, kama mzee aliyevaa ndala kubwa. Nendeni nalo hilo: maji mengi, mkojo mwingi, kula sana na kukonda, sisimizi, na kisigino chini.

"Ana sukari," Dakta akasema.

"Nani?"

"Kayabu."

"Oya, hapana, Dakta. Sukari ni ya watu wanene wenye magari. Huyu ni mkimbizi."

Tulipima mkojo kwa vikaratasi vya kubadilika rangi, na rangi ilikwenda mwisho kabisa. Dakta akauliza anakula nini. Ugali na mchuzi, Bi Zaituni akajibu, na asubuhi chai ya maziwa, anaipenda mno.

"Yenye sukari?"

"Chai isiyo na sukari ni ya nini?"

Dakta alimweleza kwa upole kwamba dawa ipo lakini ni sindano, asubuhi na jioni, kila siku, nyumbani, na pengine mpaka mwisho wa maisha ya paka. Alisema pia kwamba wengi huona afadhali kumpumzisha mnyama, na hakuna atakayemlaumu.

Bi Zaituni alikirudisha kikapu magotini. "Si wangu," akasema. "Ni wa Yusufu, mwanangu. Alibaki nyuma kumtafuta baba yake. Alinipa kikapu hiki mkononi, akasema, mama, nitunzie paka wangu, nakuja. Sasa akifika, akakuta kikapu kitupu, nitamwambia nini?"

Kwenye benchi palikuwa na bwana mmoja aliyeleta mbuzi, naye akaropoka: "Watu wanalala kwenye maturubai, nyinyi mnataka kumpiga paka sindano za sukari?"

"Ukiniletea mtu sina ruhusa ya kumtibu," Dakta akasema. "Mama huyu ameniletea paka."

Insulini tuliipata duka la dawa mjini. Ililetwa na treni ndani ya barafu. Kasingirima friji ilikuwa habari ya kusimuliwa. Dakta akanifundisha: chupa itiwe kwenye kopo lenye mfuniko, kopo liwekwe kwenye kibuyu cha plastiki kilichokatwa, kielee ndani ya mtungi wa maji ya kunywa uliowekwa kivulini. Mtungi ukitoa jasho unapoza vya kutosha. Chupa isitikiswe, izungushwe polepole kati ya viganja. Sindano iwe ileile iliyotengenezewa nguvu ya dawa hiyo, maana zipo za aina mbili na alama zake hazilingani, ukichanganya unaua. Chupa ikishafunguliwa hutupwa muda uliowekwa ukiisha, hata kama paka katumia kidogo tu. Inauma kuitupa, lakini dawa iliyochoka haina huruma.

Chakula kilikuwa nusu ya tiba. Ugali marufuku, wali marufuku, chai marufuku. Apewe samaki: migebuka iliyochemshwa bila chumvi, au dagaa walioloweshwa na kuoshwa. Ziwa liko hapohapo. Na utaratibu haubadiliki: ale kwanza, ndipo apigwe. Asipokula usimpige. Ukisahau sindano moja usifidie kwa mbili.

Kwa kuwa Bi Zaituni aliogopa sindano, kazi nilipewa mimi, asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi. Paka hakunitaka. Ile harufu ya josho niliyowaambia: akinisikia mlangoni aliingia uvunguni mwa kitanda cha shangazi, na kumtoa ilikuwa kumwaga damu, yangu. Siku ya tatu au ya nne Hamisi alikuja kunifuata kwa sababu mvua ilitanda. Alinikuta nimelala kifudifudi sakafuni, mkono uko uvunguni, nimechanwa mpaka kiwiko, shangazi amesimama mlangoni anasema, "Huyu ndiye aliyesomea?"

Hamisi alichuchumaa, akanyoosha vidole. Vidole vya fundi wa nyavu vinanuka samaki hata siku ya Idi. Kayabu akatoka, akanusa kimoja kimoja, akapanda mapajani mwake akajikunja.

"Piga," Hamisi akaniambia.

Nikakunja ngozi ya ubavu ikawa kama hema, nikaingiza sindano chini yake. Paka hakugeuza hata sikio.

Basi tangu siku hiyo mume wangu akawa na kazi Kasingirima, asubuhi na jioni. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kuona mambo. Niliona anaosha miguu kabla ya kwenda. Niliona anawahi, yeye ambaye kwenye harusi ya mdogo wake alifika watu wanakunja mikeka. Niliona tumbo la mgebuka, lile lenye mafuta, linafungwa kwenye jani na kwenda kwa Kayabu, na mimi niliyempikia miaka yote nikabaki na mikia.

Bombani wanawake walishaliona kabla yangu.

"Mama Asha," akaniita jirani yangu Bi Mwajuma, mwenye ulimi, "nasikia mzee wako ana nyumba ndogo Kasingirima."

"Anakwenda kushika paka."

"Ndiyo, shoga. Nyumba ndogo yenye mkia."

Walicheka mpaka ndoo zikafurika. Nilicheka nami. Kurudi nyumbani nilitua ndoo kwa nguvu, nusu ya maji ikamwagika. Bi Zaituni alikuwa mjane au si mjane, hakuna aliyejua. Alikuwa mrefu na mwenye shingo nzuri, na mume wangu aliketi chumbani mwake asubuhi na jioni. Sikumwuliza Hamisi. Ningeulizaje? Angekwenda kuangalia mlango.

Nikafanya nilichojua kufanya: nikageuka mwalimu. Niliamua Bi Zaituni atajifunza kupiga sindano mwenyewe ili mume wangu apumzike. Nilimfundisha kwa ndizi mbivu na maji, akitoboa ganda bila kufika upande wa pili. Nilimfundisha kuvuta dawa, kutoa mapovu, kusoma alama akiwa amegeukia mwanga. Nilimshika mkono. Nimefundisha wengi tangu hapo, wakiwemo baadhi yenu, na wapo wasemao mimi ni mwalimu mwenye subira. Ile haikuwa subira. Wivu ndio ulionifanya nieleze jambo moja mara nyingi bila kuchoka.

Alijifunza. Lakini paka alihitaji kushikwa, na alitaka kushikwa na Hamisi tu. Nikajaribu kumshika mimi. Nilioga mara mbili kwa sabuni ya magadi, nikavaa shati la kazi la Hamisi, lenye harufu ya nyavu na magamba, nikaenda Kasingirima kabla yake. Bi Zaituni aliponiona alifunika mdomo kwa kitenge. Kayabu alikuja mpaka karibu, akanusa shati, akanusa mkono, akaniangalia usoni muda mrefu. Kisha akanichana. Hamisi alipoingia akakuta mkewe amevaa shati lake anavuja damu. Alilitazama shati, akakaa, akanyoosha vidole.

Paka alipata nafuu. Maji alikunywa kiasi, manyoya yakalala, kisigino kikaanza kuinuka. Mkojo tuliupima kwa kumwekea sanduku lenye kokoto chache zilizooshwa, ili mkojo usinywewe na mchanga. Sisimizi wakapungua barazani na shangazi akaanza kumwita Kayabu kwa jina.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Hapa patawafaa, maana hakuna kitabu cha chuo kilichonionya. Paka wa Ujiji hula wakati nyumba inapokula. Nyumba ile iliamka kula daku, na Kayabu akala daku nao, akashiba samaki. Asubuhi jiko lilikuwa baridi, hakuna sahani, lakini saa ya sindano ilifika. Bi Zaituni alikumbuka kwamba paka amekula, na kweli alikuwa amekula, ila saa nyingi nyuma. Hamisi akamshika, Bi Zaituni akampiga sindano. Wote wawili walifanya kila kitu kama nilivyowafundisha. Sikuwa nimewaambia kwamba chakula na sindano ni pamoja, sahani ikiwa pale, siyo kula muda fulani uliopita. Sikuwaza.

Kabla ya adhuhuri jirani alikuja ofisini mbio, ushungi shingoni. "Bwana mifugo! Paka wa Mrundi anakata roho!"

Dakta alikuwa kijijini. Nilichukua chupa ya asali ya Simbo iliyokuwa kabatini, nikaenda. Kayabu alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga, macho wazi hayaoni. Bi Zaituni alikuwa amepiga magoti anasema, "Yusufu, nisamehe, Yusufu, nisamehe," kana kwamba mtoto amesimama pale. Usimmiminie mnyama wa namna hiyo kitu mdomoni, atapaliwa. Nilichovya kidole kwenye asali nikasugua ufizi, ndani ya shavu, tena na tena. Mara hii hakunichana. Nilitamani anichane.

Hamisi aliingia anahema, ametoka ufukweni miguu peku. Alikaa sakafuni, akamtia kichwa kiganjani mwake, nami nikaendelea kusugua. Muda ukapita. Kisha ulimi ukatoka, mdogo, wa waridi, ukalamba asali kidoleni mwangu. Akalamba tena. Bi Zaituni akalia kwa sauti. Nikamgeukia mume wangu nimwambie amepona, nikakuta machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu. Kwenye kaburi la mtoto wetu sikuyaona machozi yale. Niliinuka nikaenda kunawa asali, maana sikujua niuweke wapi uso wangu.

Dakta aliporudi nilimweleza. Aliwaza, akasema, "Kosa la daku lipo, lakini silo peke yake. Kama kipimo kingekuwa sawa, kukosa chakula kungemlegeza tu. Huyu anahitaji dawa ndogo kuliko zamani. Samaki wenu wanafanya kazi." Akanieleza kwamba paka, tofauti na watu wengi wanaopigwa sindano hizi, akiwahiwa na akiacha vyakula vya wanga, huweza kufika mahali akaacha dawa kabisa. Tukaanza kupunguza, hatua ndogo ndogo, tukipima mkojo kila mara. Rangi ilirudi nyuma mpaka ikabaki ileile ya karatasi kavu.

Jioni moja baada ya Idi nilikwenda Kasingirima kuchukua mkojo wa kupima. Bi Zaituni alikuwa ameketi nje, karibu na ua wa matete, anachambua dagaa. Mlango wake ulikuwa wazi na yeye hayumo ndani. Nilitaka kuingia, akaniwekea mkono kwenye goti.

"Ngoja kidogo, Mama Asha. Hajamaliza."

"Nani hajamaliza nini?"

"Baba Asha. Kuongea."

"Na nani?"

Alinionea huruma, niliiona. "Na Kayabu. Kila jioni. Mimi nikishapiga sindano natoka nje. Si maneno yangu yale."

Nikasikia sauti ya mume wangu. Niliijua na sikuijua, kwa sababu ilikuwa inakwenda mfululizo, sentensi baada ya sentensi, kama mtu anayesimulia safari. "Asha alikuwa anazivuta ndevu zangu hivihivi unavyofanya wewe," alikuwa akisema. "Anavuta, kisha anacheka, ana meno manne. Mama yake anamwambia mwache baba, naye ndio anazidi. Sasa angekuwa mkubwa. Angekuwa anakwenda chuoni na juzuu yake. Ningemshonea wavu mdogo akavulie dagaa ufukweni na wenzake, mama yake angegomba…"

Nilikaa chini kwenye mkeka wa dagaa. Bi Zaituni alisogea kunipa nafasi, akaendelea kuchambua. Wivu wa mwanamke mwenye shingo nzuri uliondoka pale pale, na ukaja mwingine, ambao nilikuwa sijajua kama upo. Maneno yale niliyasubiri mimi. Nililala kando yake miaka nikiyasubiri. Akaenda akampa mnyama wa watu, tena mwenye kucha.

"Ingia sasa," Bi Zaituni akaninong'oneza. "Ni mtoto wako pia. Ego, ndiyo, ingia."

Sikuingia. Nilijua nikivuka mlango ule atanyamaza, na akinyamaza hatafungua mdomo tena hata kwa paka. Niliketi mpaka aliposema, "Haya bwana, kesho," ndipo nikakohoa kama mtu anayefika.

Nilichukua mkojo, nikaupima siku ya pili mbele ya Dakta. Safi. Tulipima siku kadhaa, safi. Dakta akasema sindano ziishe, kuendelea ni kumwua. Kwa mara nyingine maisha ya Kayabu yalikuwa mkononi mwangu, na mara hii kumponya kulitaka nichukue kitu kimoja tu kutoka kwa mume wangu: sababu ya kwenda.

Jioni hiyo nilimwambia wakati anaosha miguu. "Dakta amesema paka amepona. Hakuna sindano tena."

Alibaki ameshika kata ya maji. "Kabisa?"

"Kabisa. Bi Zaituni nimeshamwambia, alinikumbatia mpaka ushungi ukaanguka. Amesema sasa Yusufu aje hata leo."

"Alhamdulillahi," Hamisi akasema. Akamalizia kuosha mguu wa pili, taratibu, akaifuta miguu, akavaa ndala. Kisha akaketi kwenye kizingiti, mikono magotini, kama abiria ambaye meli imemwacha. Nilimtazama kwa nyuma. Nilingoja ageuke aniambie mimi. Giza lilikuwa halijaingia, jirani walikuwa wanakoka moto, mtu angeweza kuongea. Alinyanyuka akaenda kuangalia mlango wa uani.

Ndipo nikavuta sauti yangu ya ofisini, ile mnayoijua.

"Kupona si mwisho wa kazi," nikasema. "Paka wa namna hii sukari inaweza kurudi. Inabidi atazamwe. Anavyokunywa, anavyotembea, kisigino, uzito."

"Atazamwe na nani?"

"Na anayekubaliwa naye. Mimi ananichana."

"Kila lini?"

"Kila jioni."

"Hata kama amepona?"

"Hasa kama amepona. Na usimtazame harakaharaka kama mtu anayekimbilia meli. Kaa naye."

Kwa utaalamu, vijana, mara moja kwa juma ingetosha. Sijui Hamisi alielewa nini, sikumwuliza. Ameondoka duniani mwaka huu nikiwa sijamwuliza. Aliingia jikoni, akafunua chungu, akakata tumbo la mgebuka akalifunga kwenye jani, akatoka. Nilisikia ndala zake zikipungua sauti kuelekea Kasingirima, zinakwenda haraka, nami nikakaa nikapakua ule mkia, nikaula, nikiwa na wivu mpaka kooni.